Bei ya Kusubiri

Mjomba wangu aliniuliza swali moja tu niliporudi kutoka Geneva. Hakutaka kujua baridi ya kule ikoje wala watu wanakula nini. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yake Kamtonga, giza limeanza kuingia, watoto wake wanagombania vipande vya chokoleti niliyoleta. Akasema, "Sasa wewe umefika kule mawe yetu yanakoenda. Uliyaona?"

Nikamwambia sikuyaona.

Huo ulikuwa uongo. Nililiona moja, tena kwa karibu, na bei yake naikumbuka kuliko namba yangu ya kitambulisho. Tangu jioni ile nimekuwa nikijiuliza kama nilimdanganya kwa sababu nampenda au kwa sababu namwogopa. Na nyuma ya swali hilo kuna lingine, ambalo yeyote aliyewahi kuuza kitu akiwa na shida atalielewa: ukikubali bei kwa mdomo wako mwenyewe, unaweza kusema baadaye kwamba uliibiwa?

Wacha nianze na jiwe.

Ukishika barabara ya kutoka Voi kwenda Mwatate na kuendelea hadi Taveta, utaona mkonge, vichaka, na siku nyingine ndovu. Utajiri mwingine hauonekani kwa dirisha la matatu. Uko chini, ndani ya mwamba: jiwe la kijani liitwalo tsavorite. Campbell Bridges, mwanajiolojia kutoka Uskoti, alilikuta Tanzania mwaka 1967, kisha akalifuata mpaka upande wetu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya Marekani ikaanza kulitangaza duniani kwa jina lililotokana na Tsavo. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 huku huku kwetu, alipovamiwa na kundi la watu katika mgogoro wa machimbo. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka jinsi watu wazima walivyokuwa wakishusha sauti kila habari hiyo ikitajwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba lile jiwe si mchezo.

Jiwe lenyewe hukaa ndani ya vinundu vya mwamba ambavyo wachimbaji huviita viazi. Unaweza kuchimba miezi mitatu kwa sururu na mtaimbo, unapata kiazi, unakipasua, hakina kitu. Unapasua kingine, unga mtupu. Halafu siku moja kimoja kinafunguka na kukutazama kwa jicho la kijani.

Mjomba alitazamwa hivyo mwaka 2019. Kilikuwa kipande kidogo, kama punje ya mahindi. Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa na barua ya kujiunga na chuo kikuu, na karo ya kwanza ilitakiwa ifike kabla ya Ijumaa. Mama hakuwa nayo. Mjomba akasema anachosema mjomba: "Tutaona."

Jumatano tukaenda Voi kwa broka. Broka akalimulika jiwe kwa tochi, akaligeuza, akavuta pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. Akasema lina nyufa. Akasema soko limelala. Akasema elfu ishirini na saba. Mjomba akakataa. Alikuwa amesikia kuna mnunuzi kutoka Nairobi angefika wiki inayofuata, akataka kumsubiri. Basi mimi, msomi wa familia, nikamvuta pembeni nikamwambia, "Mjomba, Ijumaa ni kesho kutwa."

Akaniangalia kidogo. Akarudi ndani, akauza.

Nilisoma mihula mitatu nikaacha. Sitaki kulipamba jambo hili. Karo ilichangia, uvivu ulichangia, na pia nilikuwa nimeshaonja vipesa vya kuandikia watu mtandaoni: maelezo ya viatu ambavyo sijawahi kuvaa, sifa za hoteli ambazo sijawahi kulala. Kuandika kukanilisha, vibaya lakini kukanilisha. Na kuandika huko huko ndiko kulikonipeleka Geneva Novemba iliyopita, kwenye warsha ya siku sita ya waandishi vijana.

*

Nilisafiri na koti la mtumba nililonunua soko la Voi kwa shilingi mia sita. Kile kitambaa kidogo cha shingoni kimeandikwa Kifaransa. Yaani mimi ndiye niliyekuwa mgeni, koti lilikuwa linarudi kwao.

Enyewe, mji ule ni mzuri, na sitajifanya sikuupenda. Maji ya chemchemi za barabarani unakinga chupa na kunywa. Hoteli inakupa kadi, unapanda basi na tramu bure. Ziwani kuna mrusho wa maji unaopanda mita 140 angani. Mwenyeji wetu alituambia ulianza mwaka 1886 kama njia ya kupunguza presha kwenye mabomba yaliyopeleka nguvu ya maji kwa karakana za mafundi, wakiwemo mafundi wa saa. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Kwetu mfereji ukikohoa tu, majirani wanaitana. Hawa presha iliwazidi mpaka wakaigeuza pambo.

Lakini siku mbili za kwanza niliugua ugonjwa wa kugeuza pesa. Faranga moja ilikuwa kama shilingi 150. Kikombe cha kahawa faranga tano: hapo nishakunywa chai na mandazi Voi wiki mbili. Mwenzangu mmoja kutoka Kampala akaniambia, "Ukiendelea kupiga hesabu utakufa njaa." Nikaacha kupiga hesabu, nikanunua chokoleti za watoto kwenye supamaketi, zile zilizopunguzwa bei, nikamnunulia mama skafu. Binamu yangu alikuwa ameagiza saa, "hata ile ndogo." Nilizitazama saa kwa dirisha la duka nikamtumia picha. Akanijibu na kicheko, kisha na kile kiemoji cha kulia.

Hapo kuna historia inayochekesha. Katika karne ya 16, Geneva ilikuwa chini ya mafundisho makali ya Jean Calvin, na kujipamba kwa vito kukakatazwa. Wanasema sonara wakakosa kazi, wakageukia saa, kwa sababu saa ina manufaa, si pambo. Leo wauza vito wakubwa wa dunia hukutana mji huo huo kila Mei na Novemba kwa minada. Mji uliokataa pete umekuwa mji wa pete. Na kumbuka, hawana mgodi wa tsavorite wala shamba la kakao. Walicho nacho ni ufundi, usalama, na jina ambalo watu wanaliamini.

Siku ya nne nikaingia barabara ya Rue du Rhône, ile ya maduka makubwa. Sikuwa na mpango wa kununua. Nilitaka kutazama tu. Kwenye dirisha la duka moja nikaona kijani.

Ukikulia kwetu hulisahau lile rangi. Si kijani cha majani wala cha chupa. Ni kijani kama kilichowashwa kwa ndani. Nikasukuma mlango kabla sijajua nimeusukuma.

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilikuwa hata na hasira tayari mfukoni. Lakini dada wa dukani alinikaribisha vizuri, akaniletea maji kwa glasi, akaitoa ile pete na kuiweka juu ya kitambaa cheusi kana kwamba koti langu la mia sita ni suti. Jiwe la karati moja na kitu, dhahabu, almasi ndogo ndogo pembeni. Faranga 9,800.

Ule ugonjwa wa kugeuza pesa ukarudi wote kwa mara moja. Karibu milioni moja na nusu.

Dada akaanza kunieleza. Akasema jiwe hili ni adimu, linatoka Tsavo, nchi ya simba na udongo mwekundu. Nikamwambia, "Mimi natoka huko huko." Alifurahi kwa dhati, akataka nimsimulie. Na hapa ndipo penye aibu yangu. Nilimsimulia. Nikamwambia habari za ndovu wanaojipaka vumbi jekundu, machweo, mibuyu. Nilisimulia vizuri, ndiyo kazi yangu. Sikutaja shimo. Sikutaja mtu anayeshuka shimoni na kamba kiunoni. Sikusema "mjomba". Nilipotoka nje kwenye baridi ndipo nikagundua nilichofanya: nimempa hadithi nzuri zaidi ya kumsimulia mteja atakayefuata, na nimeitoa bure.

*

Sasa turudi kwenye swali. Mjomba aliibiwa?

Rafiki yangu aliyesoma biashara, tofauti na mimi akamaliza, anasema hapana. Muuzaji alitaka kuuza, mnunuzi alitaka kununua, hakuna aliyeshikiwa panga. Tena usilinganishe jiwe la Voi na pete ya Geneva, anasema, hivyo ni vitu viwili. Jiwe likikatwa hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Kuna fundi, kuna cheti cha maabara, bima, dhahabu, almasi, kodi ya duka. Yule dada aliyekupa maji analipwa, na jimbo la Geneva lilipitisha kwa kura mwaka 2020 kwamba kima cha chini ni faranga 23 kwa saa. Hata broka wako anabeba hatari, anaweza kukaa na jiwe miezi sita bila mteja.

Hoja hizi ni za kweli, na ninazikubali zote. Ukiufuata ule mnyororo kutoka Kamtonga hadi Rue du Rhône, kila unayemkuta ana maelezo mazuri. Ndicho kinachonisumbua. Hakuna mwizi, na bado kuna mtu ameibiwa.

Kwenye daraja pale ziwa linapoanza kuwa mto kuna kisiwa kidogo chenye sanamu ya Jean-Jacques Rousseau. Alizaliwa Geneva mwaka 1712, baba yake fundi saa. Aliacha uanagenzi akatoroka mji akiwa na miaka 15, wala hakuwahi kusoma chuo kikuu. Mnaelewa kwa nini nilimpenda. Mwaka 1755 alitoa kitabu kuhusu chanzo cha kutokuwa sawa kwa binadamu, na ndani yake kuna wazo ambalo lilinikaa: kwamba makubaliano yenyewe yanaweza kuwa ndiyo mtego. Mwenye mali anamwendea asiye nacho, anampa mkataba unaoonekana kuwalinda wote wawili, naye anaukubali mbio mbio bila kuona kwamba amejifunga. Baadaye, katika kitabu kingine, alitaka nchi ambayo umaskini wa mtu haufiki kiwango cha kumlazimisha ajiuze. Geneva yake mwenyewe ilikichoma moto kitabu hicho mwaka 1762. Leo ana sanamu na bata wanaogelea chini yake.

Kwa hivyo "alikubali" halitoshi. Lazima tuulize: angeweza kukataa?

Hebu tazama ile pete tena. Iko dirishani, taa inaiwakia. Leo haikununuliwa, sawa. Mwezi ujao je? Sawa pia. Haina njaa wala karo, na duka halitafungwa kwa sababu kijana mmoja mwenye koti la mtumba alitazama akaondoka. Halafu mtazame mjomba Jumatano ile. Jiwe ni lile lile, kijani ni kile kile. Tofauti ni kwamba mmoja anaweza kusubiri na mwingine hawezi. Anayeweza kusubiri ndiye anayepanga bei, na huyo mwingine anaruhusiwa kuipokea.

Ndiyo maana mimi sasa naamini kwamba haki ya bei haimo ndani ya tarakimu. Elfu ishirini na saba ingeweza kuwa bei ya haki. Laki mbili ingeweza kuwa dhuluma. Bei ya haki ni ile ambayo pande zote mbili zingeweza kuikataa na kesho bado zikaamka salama.

Chukua Saniniu Laizer, yule mchimbaji wa Mererani, Tanzania. Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, jumla yapata kilo 15, kwa zaidi ya shilingi bilioni saba za Tanzania. Sote tulishea ile picha yake ameshika mawe mikono miwili. Tuliona bahati. Lakini tazama kilichokuwa nyuma ya picha. Serikali ilikuwa imezungushia machimbo ukuta wa kilomita 24 na kuanzisha masoko ya madini, hivyo bei haikusemwa gizani kwa tochi. Na Laizer mwenyewe, vyombo vya habari viliripoti, alikuwa na ng'ombe wapatao 2,000. Mtu mwenye ng'ombe 2,000 haambiwi "Ijumaa ni kesho kutwa".

Sisi hatukosi sheria. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Pale Voi kuna kituo cha vito kilichojengwa ili mawe yakatwe na kupimwa hapa hapa nyumbani. Ni mawazo mazuri. Lakini mrabaha hugawanywa baada ya jiwe kuuzwa. Hakuna kifungu kinachomkopesha mchimbaji wiki moja ya kusubiri mnunuzi wa Nairobi. Na kwetu nafasi ya kujiegemeza ni finyu tangu zamani: hifadhi za Tsavo peke yake zimechukua takriban asilimia 62 ya kaunti. Shamba ambalo mtu angelima huku anasubiri jiwe lipate bei, mara nyingi ndovu amelitembelea kwanza.

Wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani mstari umechorwa kati ya Geneva na Kamtonga. Mei 2020, corona ilipofunga kila kitu, watu zaidi ya elfu walipanga foleni kwa masaa ndani ya Geneva hiyo hiyo kupata mfuko wa chakula wenye thamani ya faranga kama 20. Wengi walikuwa wanaosafisha nyumba na kulea watoto wa wengine, baadhi yao bila karatasi. Ziwa lilikuwa pale pale, maduka ya pete pale pale. Hao nao ni watu wa Ijumaa.

*

Ndiyo hesabu niliyoifikia, na ilipofika mwisho ikaniangukia mimi mwenyewe. Kwa sababu ukiuliza nani alimnyima mjomba nafasi ya kusubiri, jibu la karibu si broka wala Rue du Rhône. Ni mimi. Ile Ijumaa ilikuwa yangu. Na hata hiyo karo sikuifikisha mwisho.

Kwa hivyo niliposema "sikuyaona", nilijiambia ni huruma. Mzee amechimba miaka ishirini, kwa nini nimpe namba itakayomnyima usingizi? Ukweli usio na msaada ni kama kumwonyesha mtu picha ya chakula. Hoja hii ina uzito, lakini kwangu ilikuwa kificho. Broka naye alijua kitu ambacho mjomba hakukijua, akanyamaza, akafaidika. Mimi nilijua, nikanyamaza, nikabaki mpwa mpendwa. Tofauti yetu ni ndogo kuliko ninavyopenda.

Februari nikapanda matatu hadi Kamtonga nikamwambia. Nikamweleza pete, karati, faranga 9,800. Akatoa simu yake ya mulika mwizi, akapiga hesabu polepole, mara mbili. Akanyamaza kiasi cha mimi kusikia kuku wakiingia bandani.

Akasema, "Hiyo bei siwezi kuikasirikia, sijui hata sura yake. Lakini wewe nakujua. Nilikuuliza hapa hapa, ukaniangalia usoni."

Nikamwomba msamaha. Nikaanza pia kumweleza habari ya ile Ijumaa, akanikata. "Hiyo niliamua mimi. Usiniondolee."

Sijamaliza kulifikiria neno hilo. Katika hesabu yangu yote nilikuwa nimemfanya mtu asiyeweza kuchagua, na yeye anasisitiza alichagua: alipima jiwe na kijana, akachukua kijana. Labda hasira yake ni kwamba nadharia yangu inamnyang'anya hata hiyo. Bado naamini hakuwa na nafasi ya kukataa. Na bado naamini alinipa zawadi. Sijui namna ya kuvishika vyote viwili bila kimoja kuanguka.

Hakunipigia simu kwa wiki tatu. Alipopiga hakusalimia sana. Akasema, "Nitafutie ule mzani mdogo wa gramu. Na uniandikie kwa karatasi, karati moja ni gramu ngapi."

Ni gramu 0.2. Nilimpelekea mzani, nimeununua kwa pesa iliyobaki safarini. Ana kipande kingine sasa, kimefungwa kwa kitambaa ndani ya kopo la Kimbo. Broka amekuja mara mbili, ameondoka mara mbili. Shule zinafunguliwa karibuni na mtoto wake wa pili anarudi darasani, kwa hivyo kila nikilipwa kazi ya kuandika namtumia kidogo. Si nyingi, hazifiki hata bei ya lile sanduku la pete. Kwa sasa zinamnunulia kama wiki mbili.